Kasha la Wisbech na Mtu Aliyepiga Magoti

Jumamosi iliyopita nilisimama karibu na daraja la Wisbech, mji mdogo wa Cambridgeshire ulio kando ya mto Nene, nikawatazama wageni wakishuka kwenye basi, wakipiga picha mbele ya mnara wa Thomas Clarkson, kisha wakapanda tena na kwenda zao. Niliumia moyoni, kwa sababu makumbusho ya mji hayako mbali na pale, na ndani yake kuna kitu ambacho kwangu mimi kina uzito kuupita mnara wenyewe.

Simnyimi Clarkson heshima yake. Alizaliwa Wisbech mwaka 1760, baba yake akiwa mwalimu mkuu wa shule ya mji, na maisha yake karibu yote aliyatoa kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa, ambayo Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1807. Mnara wake, uliojengwa mwaka 1880 na 1881 kwa mchoro wa George Gilbert Scott, una kimo cha futi 68. Lakini katika michongo iliyo chini ya sanamu yake yumo Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga magoti, anaomba. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba sura hiyo, iliyoenezwa na mfinyanzi Josiah Wedgwood kwa vidani vya kauri tangu mwaka 1787, iliwagusa Waingereza wengi. Hata hivyo, mgeni anayeondoka na picha hiyo peke yake anaondoka akiamini kwamba Mwafrika hakuwa na lolote mkononi ila pingu.

Kasha la Clarkson linasema jingine. Ni sanduku la mbao alilokuwa akizunguka nalo, na ndani yake alipanga nguo zilizofumwa Afrika Magharibi, kazi za ngozi, mbegu na vipande vya mbao za thamani, ili watu waone kwa macho yao kwamba bara lile lilikuwa na mafundi na wakulima ambao mtu angeweza kufanya nao biashara ya haki. Waziri Mkuu William Pitt alipooneshwa vitu hivyo mwaka 1788, aliustaajabia ufundi wake. Mimi niliyekulia Unguja, ambako bibi yangu aliweka kashani kila alichokithamini, nilisimama mbele ya vitambaa vile nikashindwa kuondoka: kuna mtu alikaa kwenye kitanda cha mfumi, akachagua rangi, akahesabu nyuzi, na jina lake halikuandikwa popote, ila mkono wake ungali unaonekana.

Mji una mengine ya kutazama, kama nyumba za North Brink, ikiwemo Peckover House ya mwaka 1722, na, ng'ambo ya mto, nyumba alimozaliwa Octavia Hill, mtetezi wa makazi bora kwa maskini, na nje ya mji mashamba tambarare ya Fens yaliyokuwa kinamasi.

Jambo hili si la Wisbech peke yake. Kwetu Mkunazini pia, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, mgeni huoneshwa minyororo kabla ya kuambiwa waliofungwa walikuwa wakulima wa nini, wahunzi wa nini, watoto wa nani. Ninawaomba wanaoongoza wageni Wisbech waanzie makumbusho, wawaache watu wavitazame vile vitambaa kwa utulivu, ndipo wawapeleke darajani.