Daktari Mgeni Akiondoka, Ujuzi Unabaki kwa Nani?

Bibi yangu alitolewa mtoto wa jicho katika kambi ya macho iliyoendeshwa na madaktari kutoka ng'ambo, na bandeji ilipofunguliwa kesho yake alitutambua sote mmoja mmoja. Mwaka uliofuata ukungu ulirudi. Utando mwembamba unaoishikilia lenzi ya bandia aliyowekewa ulikuwa umepoteza ung'avu wake, jambo ambalo hutokea mara nyingi baada ya upasuaji huu na ambalo huondolewa kwa mwale wa leza katika dakika chache. Hospitali tuliyompeleka haikuwa na leza hiyo, wala kumbukumbu za upasuaji wake, wala daktari aliyewahi kukaa na wageni wale walipokuwa wakifanya kazi. Nia yao siilaumu, kwa sababu ni mikono yao iliyomrudishia bibi nuru. Ninachokataa ni kuuita ugeni wa namna ile ushirikiano wa kitaalamu.

Ushirikiano ninaouheshimu ni ule uliozaa upasuaji wenyewe. Daktari Harold Ridley alipandikiza lenzi ya bandia ya kwanza ndani ya jicho jijini London mwaka 1949, lakini kwa miongo mingi baadaye lenzi moja iliweza kugharimu zaidi ya dola 100, bei ambayo mkulima wa Nepal au wa Dodoma asingeimudu. Daktari Sanduk Ruit wa Nepal alikwenda Australia kufanya kazi na daktari wa macho Fred Hollows, kisha akarudi kwao, na kituo cha macho cha Tilganga kilichofunguliwa Kathmandu mwaka 1994 kikaanza kutengeneza lenzi zake chenyewe, kama kiwanda cha Aurolab kilivyokuwa kikifanya Madurai, India, tangu 1992. Bei ikashuka hadi chini ya dola 10.

Ruit pia aliuboresha upasuaji wa mkato mdogo unaopitishwa kwenye sehemu nyeupe ya jicho kwa mshazari, hivi kwamba jeraha hujifunga lenyewe bila mshono na bila kuhitaji mashine ghali inayovunja mtoto wa jicho kwa mawimbi ya sauti. Sehemu ninayoipenda zaidi katika habari hii ni iliyofuata. David Chang, bingwa wa mashine hiyo kutoka California, alisafiri hadi Nepal, na njia hizo mbili zikapimwa kwa wagonjwa 108 waliogawanywa kwa bahati nasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: baada ya miezi sita, asilimia 98 ya wagonjwa wa kila kundi walikuwa na uoni mzuri, kwa msaada wa miwani pale ilipohitajika, ila njia ya Ruit ilichukua takriban dakika 9 na ya mashine dakika 15 na nusu. Bingwa wa nchi tajiri alikubali ujuzi wake uwekwe kwenye mizani moja na wa mwenyeji wake, na dunia nzima ya upasuaji wa macho ikafaidika.

Kwetu Afrika Mashariki kuna mfano ulio karibu zaidi. Madaktari wanaosomea ubingwa wa macho kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe walifundishwa upasuaji huu kwa macho ya bandia kabla ya kumgusa mgonjwa, na wakalinganishwa na wenzao waliofuata mafunzo ya kawaida peke yake. Katika mwaka wa kwanza, utando wa nyuma ya lenzi ulipasuka kwa bahati mbaya katika asilimia 7.8 ya upasuaji wa kundi la kwanza, na asilimia 26.6 katika kundi la pili. Nyuma ya kila asilimia kuna jicho la mtu.

Kwa hiyo hospitali zetu zinapopokea wageni, ningependa ziweke masharti bila haya: daktari mwenyeji akae kwenye darubini ya upasuaji, mgeni akiwa pembeni yake, daftari la wagonjwa libaki hospitalini, na mgeni aendelee kupatikana kwa mtandao miezi kadhaa baadaye, matatizo yanapojitokeza. Tangu mwaka 2012 tunacho chuo cha madaktari bingwa wa macho wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COECSA, na masharti kama hayo yangepata nguvu zaidi yakitoka huko.

Bibi alipata leza yake hatimaye, baada ya miezi minane na safari ya basi ya siku nzima. Aliyemtibu ni daktari kijana wa papa hapa nchini, naye aliandika kila alichofanya kwenye kadi ambayo bibi anaitunza hadi leo ndani ya kanga.