RIAA iko kwenye mfuo, si kwenye waya

RIAA ni kanuni ya santuri: wakati wa kukata, besi inapunguzwa na sauti za juu zinaongezwa (hiyo ndiyo RIAA ya kinyume), na wakati wa kucheza priampu, amplifaya ndogo ya gramafoni, inayageuza hayo. Kila anayejitengenezea kichwa cha kukatia santuri, yaani kifaa kinachochora mfuo wa sauti kwenye sahani ya plastiki, hupewa ushauri uleule, na umerudiwa mpaka umekuwa kama sala: "Weka RIAA ya kinyume kabla ya amplifaya, umemaliza." Umemaliza nini? Umemaliza sahani. Aliyefuata ushauri huo anakata wimbo, anauweka kwenye gramafoni, na mwimbaji anatoka kama anayeimba ndani ya mtungi: besi hakuna, matoazi hakuna, sauti za katikati zinapiga makelele peke yake. Halafu anaambiwa plastiki yake ndiyo mbovu.

Plastiki ya watu inasingiziwa. Kilichokosewa ni hesabu.

Mkunjo wa RIAA, ule wa 1954 wenye mikrosekunde 3180, 318 na 75, hausemi lolote kuhusu volti zinazoingia kwenye koili yako. Unasema sindano iende kwa kasi gani ndani ya mfuo kwa kila masafa. Vichwa vya kiwandani kama Neumann SX-74 vina koili nyingine ya kuhisi mwendo wa sindano na kuurudisha kwenye amplifaya, ili volti na kasi viende sambamba kuanzia besi hadi juu. Hapo RIAA ya kinyume ukiiweka kwenye waya, inafika kwenye mfuo ilivyo. Mwenye kichwa cha namna hiyo aendelee na sala yake, simwingilii.

Kichwa cha nyumbani, yaani spika mbili ndogo, vijiti viwili vilivyolala nyuzi 45 na sindano katikati, hakina cha kuhisi chochote. Kina uzito na kina springi, basi. Chini ya rezonansi, yaani masafa ambayo kichwa hutikisika kwa urahisi zaidi, springi ndiyo inayotawala, na kasi inashuka desibeli 6 kwa kila oktava ukielekea kwenye besi. Juu ya rezonansi uzito unashika usukani, na kasi inashuka desibeli 6 tena kwa kila oktava ukipanda.

Chukua kichwa chenye rezonansi ya hezi 1,000, iliyotulizwa vizuri. Ukikilisha sauti bila ikwalaiza yoyote, kwenye hezi 100 kasi imeshuka desibeli 20 ukilinganisha na hezi 1,000. RIAA inataka ishuke 13 tu. Maana yake kichwa kimekwisha kata besi kuliko inavyotakiwa, na kinachohitajika ni kuongeza desibeli 7. Wewe unakuja na plagini yako, programu ya kompyuta ya RIAA ya kinyume, unakata 13 nyingine! Priampu ikirudisha 13 zake wakati wa kucheza, unabaki na upungufu wa desibeli 20 zilezile za kichwa. Juu nako ni vivyo hivyo: kwenye hezi 10,000 kichwa kimepoteza 20, RIAA inataka ziongezeke 13.7, na plagini imeleta 13.7 hizo bila kugusa zile 20. Huo ndio mtungi wenyewe.

Na usifikiri dawa ni kuongeza desibeli 34 huko juu. Hizo ni zaidi ya mara 2,000 ya nguvu ya umeme. Koili itanuka kabla ya kibwagizo. Dawa iko kwenye chuma. Punguza uzito wa vijiti na kishikio cha sindano, kaza springi, rezonansi ipande. Ikifika hezi 4,000, hesabu inabadilika kabisa: kwenye hezi 10,000 unabaki na deni la desibeli kama 9, kwenye hezi 4,000 penyewe unapunguza kama 5, na besi inataka zilezile 7. Deni hilo linalipika. Rezonansi kali nayo itulizwe kwa mpira au jeli ya silikoni kwanza, kisha ikwalaiza imalizie mabaki. Ukitegemea ikwalaiza peke yake kukata kilele chembamba cha desibeli 15, kilele kitahama koili ikipata joto, na utakuwa umechimba shimo pembeni ya mlima.

Sasa, namna ya kuujua mfuo wako. Haina uchawi, ila inataka subira, ndiyo maana watu wanapenda plagini.

Anza upande wa kucheza, kwa sababu katriji, kifaa chenye sindano ya kusomea santuri, ikidanganya, utaukata uongo wake ndani ya kila santuri. Katriji ya sumaku ione kiloomu 47 na kapasitansi iliyoandikwa na mtengenezaji, waya ukihesabiwa humo. Icheze santuri ya majaribio ya kiwandani uone inasoma nini. Ikisoma vibaya, andika makosa yake na uyatoe kwenye hesabu. Usipofanya hivyo santuri zako zitalia vizuri kwenye gramafoni moja tu duniani, yako.

Kisha kata toni bila ikwalaiza yoyote: theluthi ya oktava kila moja, kuanzia hezi 31.5 hadi 16,000. Ni toni 28, na kwa sekunde 4 kila moja hazifiki dakika mbili, zinaenea kwenye sahani ya inchi 7 kwa mizunguko 45. Kina cha mfuo na joto la sindano viwe vilevile utakavyotumia kukata muziki. Kiwango kiwe cha chini, ili toni zilizo karibu na rezonansi zisipasuke. Na ukate kweli. Kupima kichwa kikiwa kinaning'inia hewani ni kujifurahisha, kwa sababu plastiki inaisukuma sindano na kuhamisha kila kitu.

Cheza sahani hiyo kupitia priampu ya kawaida yenye RIAA, rekodi kwenye kompyuta, soma kila toni dhidi ya ile ya hezi 1,000. Besi isome kwenye spektra, usisome mita ya jumla, maana mngurumo wa mota unaweza kuzidi toni ya hezi 40 na ukadhani una besi. Geuza alama: palipo na −7 andika +7. Orodha hiyo ndiyo ikwalaiza yako ya kukatia. RIAA imo humo tayari, kwa kuwa priampu imeshachukua sehemu yake. Upande wa kukatia hakuna plagini ya RIAA mahali popote. Hata moja.

Usiongeze zaidi ya desibeli 12 mahali popote. Chini ya hezi 40 zima sauti, juu ya hezi 12,000 au 15,000 zima pia. Kata toni upya ukiwa na ikwalaiza hiyo, soma, rekebisha, rudia mara moja. Ukibadilisha sindano au aina ya plastiki, unaanza upya, pole.

Limita ya kuzuia "s" kali ikae baada ya ikwalaiza, si kabla, kwa sababu koili inaungua kwa umeme inaoupata, haijui wimbo ulikuwaje mwanzoni. Fyuzi ndogo kwenye waya wa koili ni bei rahisi kuliko koili. Besi chini ya hezi 200 iwe mono, la sivyo sindano inaruka.

Ikwalaiza ina mpaka mmoja isiouvuka: sehemu ya ndani ya sahani. Kwa mizunguko 33⅓, mfuo wa nje wa inchi 12 unapita kama sentimita 51 kwa sekunde, na karibu na lebo sentimita 21 tu. Wimbi la hezi 10,000 huko ndani lina urefu wa mikromita 21, na ncha ya sindano ya mviringo ina nusu kipenyo cha mikromita 18. Haiingii. Ukiongeza sauti za juu ili kufidia, unaongeza mikwaruzo. Tumia mizunguko 45 na uishie mapema.

Wapo wanaosema haya yote ya nini, kata bila mkunjo, cheza bila mkunjo, kompyuta itanyoosha. Inawezekana, sikatai, mradi santuri haitoki chumbani kwako. Ukimpa rafiki, unampa na kompyuta?

Kwa anayejitengenezea priampu, mtandao usio na transista hauna siri: kiloomu 21.87 mbele, kisha kwenda ardhini kiloomu 3.18 ikifuatana na nanofaradi 100, na pembeni yake nanofaradi 34.3. Rezista ya 22k inatosha. 3k na 180 zikifuatana zinatoa 3.18k, 33 na 1.3 sambamba zinatoa 34.3. Kapasita zipimwe moja moja, kwa sababu iliyopotoka asilimia 10 inakuharibia karibu desibeli nzima. Hatua inayofuata iwe na ingizo la megaomu 1 au zaidi. Ukifunga potenshiometa ya 10k hapo, mkunjo umekwisha.

Halafu kuna wale wa "nguzo ya Neumann", kikomo cha ziada cha sauti za juu kabisa kwenye mkunjo, mikrosekunde 3.18, hezi 50,000. Wanabishana usiku kucha iwekwe au isiwekwe, na kichwa chenyewe kinakata roho kwenye hezi 8,000.