Ukimwaga Damu, Kibali Chako Kimetumika

Kuna picha inazunguka kwenye kundi la familia upande wa mke wangu tangu msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki ulipofungwa hapa Wisconsin, Marekani. Jamaa mmoja, rafiki wa shemeji yangu, kapiga goti kwenye theluji, kashika pembe za dume la kulungu kwa mikono miwili, meno yote nje. Hongera zinamiminika. Vidole gumba, makofi, kila aina ya vikatuni. Mimi sijaandika kitu. Mke wangu kaniuliza kama nimenuna, nikamwambia sijanuna, kisha nikakaa kuandika haya, kwa hiyo jibu mnalo.

Huyo wa kwenye picha ni kulungu wake wa pili. Wa kwanza alimpiga jana yake jioni, mnyama akiwa mbioni, ukingoni mwa kinamasi, mbali mno. Alitusimulia mwenyewe usiku kambini, kikombe mkononi, kama kichekesho. Dume liliruka, likapinda mgongo, likazama kwenye matete. Akaenda pale, akaona nywele na damu kidogo, akazungukazunguka, giza likaingia, akarudi kuota moto. "Koyote nao wale," akasema, yaani wale wanyama wa porini wa jamii ya mbwa. Meza nzima ikacheka. Baba mkwe hakucheka, lakini naye siku hizi uzee umempa upole kupita kiasi.

Asubuhi jamaa akapanda dunguni, kibali chake kisafi mfukoni, yaani ruhusa yake ya kuua dume mmoja bado haijatumika, akapiga dume jingine. Likapigwa picha, likasajiliwa kwa simu kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku iliyofuata kama kanuni zinavyotaka, kila kitu sawasawa. Yule wa kwenye matete hayumo kwenye hesabu yoyote. Hakuokotwa, basi hakuuawa! Kanuni za jimbo zinamtaka mwindaji ajitahidi kumpata mnyama aliyemjeruhi, lakini nani atampima kajitahidi kiasi gani? Yeye na kikombe chake.

Msimamo wangu ni huu, na najua wenzangu wa kambini wakiusoma watanitania mpaka Novemba ijayo: ukishamwaga damu, kibali chako kimetumika. Ukimpata, ukimkosa, msimu wako kwa dume umekwisha. Jumamosi ya kwanza au siku ya mwisho, mamoja. Vua koti lako la kuwindia la rangi ya chungwa, ubaki kambini upike, au uwasaidie wenzako kukokota mizigo yao.

Wanaoona huo ni ukali wa mtu asiye na uzoefu niwasimulie ya kijana wa shemeji.

Mwaka ule ndiyo kwanza alikuwa ameruhusiwa kukaa dungu lake peke yake. Ametimiza miaka 14, ana cheti cha mafunzo ya uwindaji, ana bunduki ya babu yake ambayo kitako chake kimesuguliwa na mashavu ya watu watatu wa ukoo mmoja. Jua likiwa linazama tukasikia mlio mmoja kutoka upande wake. Tulipofika tukamkuta ameshashuka, anatetemeka, na si kwa baridi. Alilenga vizuri, mnyama kasimama ubavu, lakini kidole kilipovuta mnyama naye akapiga hatua mbele.

Baba mkwe hakuuliza dume lilikuwa na pembe ngapi. Aliuliza alivyoondoka. Alirusha miguu ya nyuma? Mkia ulikuwa juu au aliubana? Alikimbia au alitembea amejikunyata? Kijana akasema alijikunyata, akatembea. Mzee akashusha pumzi, akapiga goti pale alipokuwa amesimama mnyama, akawasha tochi. Akaokota nywele chache, nyeupe, nene, za tumboni. Akachuma jani lenye tone, akalisogeza kwenye mwanga. Damu nyepesi, nyeusinyeusi, na ndani yake vichembe vya kijani. Akalinusa, akampa mjukuu naye anuse. Harufu ya majani yaliyocheuliwa.

"Utumbo," akasema. "Turudi."

Kijana karibu alie. Alitaka afuate pale pale, maana kila kitu mwilini mwake kilimwambia afuate. Na hapo ndipo mwindaji anapotofautiana na mtu mwenye bunduki tu. Damu ya mapafu ni nyekundu ya kung'aa, ina povu. Ukiiona hiyo subiri nusu saa, utamkuta karibu. Damu ya ini imeiva, nyekundu ya giza. Huyo mpe muda wa saa tatu au nne. Lakini aliyepigwa tumboni hufa polepole. Ukimwacha atakwenda umbali mfupi, alale, asiinuke tena. Ukimkimbilia atainuka, na safari hiyo atakwenda mbali huku mafuta na matumbo yameziba tundu la risasi, tone haliangushi. Utampoteza kwa haraka yako mwenyewe, naye atateseka usiku kucha mahali usipopajua.

Tukarudi kambini. Kijana hakugusa chakula. Kila baada ya muda anatoka nje kama anakwenda haja, tunajua anakwenda kutazama ule upande wa msitu. Kulikuwa na baridi ya kugandisha, na hiyo ilikuwa heri, maana usiku wenye joto nyama ya mnyama aliyepasuka utumbo huharibika mapema. Mbinguni nyota tele, hakuna dalili ya theluji ya kufunika alama. Mzee akalala. Mimi sikulala sana.

Alfajiri tukaanza. Mzee mbele, kijana nyuma yake na karatasi za chooni mfukoni. Kila tone likionekana, kipande cha karatasi kinatundikwa kwenye kijiti juu yake. Watu hucheka karatasi zile, lakini ukigeuka nyuma baada ya muda unaona mstari mweupe umepita katikati ya miti, unajua mnyama anaelekea wapi hata pale damu inapokatika. Sheria ya mzee ni moja: hakuna mtu kukanyaga juu ya alama, unapita pembeni. Mara tone kwenye jani lililoanguka, mara mpako kwenye bua, upande wa ndani tu, kwenye usawa wa paja la mnyama. Mara hakuna kitu kabisa, na tunasimama sote huku mzee akizunguka kwa duara, ameinama, mikono mgongoni.

Kwenye kijito alama zikaisha. Hapo jamaa wa kwenye picha angeshakuwa kitandani. Mzee akasema aliyepigwa tumboni hupenda maji, tukafuata kijito kwenda chini, kila mtu upande wake, hatua kwa hatua. Kijana ndiye aliyemwona. Alikuwa amelala kwenye matete, kidevu kimeegemea udongo kama anayesikiliza, sikio moja lina barafu. Tukamwendea kwa nyuma, mzee akamgusa jicho kwa kijiti kirefu. Halikupepesa.

Harufu lilipochanwa lile tumbo sitaki kuieleza. Sehemu ya nyama tuliitupa. Mzee hakumwambia mjukuu "pole" wala "hongera". Alimpa kisu, akamwonyesha pa kuanzia, na alipomaliza akamwambia ajaze kibali. Basi. Na kama tusingempata? Nilimuuliza mzee baadaye, tukiwa wawili. Akaniambia kijana angekijaza vilevile, kwa sababu alipotoka dunguni msitu ulikuwa na kulungu mmoja pungufu, na aliyempunguza ni yeye.

Sasa, wako watakaoniambia kulungu ni wengi. Ni kweli, ni wengi. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wamewindwa mpaka karibu kwisha katika sehemu kubwa ya Marekani, leo wanahesabiwa kwa mamilioni na mashamba ya mahindi wanayachezea watakavyo. Wako watakaonikumbusha ile sheria ya 1937, Pittman-Robertson, kwamba kila bunduki ndefu na kila sanduku la risasi tunalonunua lina kodi ya asilimia 11 inayorudi kuhifadhi wanyamapori, hivyo sisi wawindaji tusisumbuliwe. Naisema hata mimi, hasa nikibanwa na wenzangu wa ofisini wanaoniita katili huku wanatafuna baga. Lakini kodi haiingii kwenye matete na tochi. Na hoja ya kwamba koyote watakula, hivyo hakuna kilichopotea, ikitoka kwa mtu aliyetoka kupiga picha akiwa na pembe mkononi, inanipa kichefuchefu. Kama lengo lilikuwa kulisha koyote, angetupa soseji akabaki nyumbani.



Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hata mwindaji mzuri hupoteza mnyama. Mvua hunyesha. Theluji huanguka wakati mbaya. Mnyama huvuka kwenda shamba la mtu, na hapa huruhusiwi kumfuata huko bila ridhaa ya mwenye ardhi, na kuna wenye ardhi wasiofungua mlango hata uwaoneshe damu kwenye viganja. Wapo siku hizi watu wenye mbwa waliofunzwa kufuata damu wakiwa wameshikwa kamba, jimbo linawaruhusu, lakini wikiendi ya ufunguzi kumpata mmoja wao si rahisi. Yote hayo nayajua. Hayabadilishi hoja. Mimi sisemi aliyepoteza mnyama ni mtu mbaya. Nasema asipewe mwingine.



Na wala silizui jambo jipya. Kwenye uwindaji wa kitalii kule Afrika, Tanzania ikiwemo, mteja aliyejeruhi mnyama akampoteza analipia kana kwamba amemuua. Tajiri kaja kwa ndege na bunduki ya thamani ya gari, damu ikishaonekana kwenye nyasi hesabu imefungwa, abishe asibishe. Jimbo la Alaska nako, katika baadhi ya maeneo, dubu aliyejeruhiwa anahesabiwa kwenye idadi unayoruhusiwa kuua. Kwa nini dubu ahesabiwe na kulungu asihesabiwe? Kwa sababu kulungu ni wa kila mtu, na cha kila mtu hakina mwenye uchungu nacho.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu Wisconsin inaruhusu wanakundi wanaowinda kwa bunduki kupigiana wanyama. Mwenzako akiwa karibu, unamwona au unasikia sauti yake bila simu wala redio, unaweza kumuua kulungu kwa kibali chake. Ni utaratibu mzuri, unawafaa wazee ambao macho yamechoka. Lakini maana yake ni kwamba risasi yako ni ya kundi zima. Jamaa alipoacha kuifuata damu yake hakujidhalilisha peke yake, alitutia sote kwenye matete yale, pamoja na kijana wa shemeji aliyekuwa amekaa pale mezani anasikiliza watu wazima wanavyocheka. Yeye hakucheka pia. Alimtazama babu yake aone atasema nini, na babu akamimina kahawa. Hilo ndilo lililonikera kuliko risasi yenyewe.

Shemeji ananiambia sheria kama hiyo haitekelezeki, watu watadanganya, watasema walikosa kabisa, damu watafukia kwa buti. Ana hoja. Askari wa wanyamapori hawezi kusimama chini ya kila mti, na jimbo halitaandika kanuni kwa kuwa mimi nimenuna na picha. Tena nakiri kuna hatari kwamba mtu mwenye hofu ya kupoteza kibali ndiye atakayeacha kutafuta mapema zaidi, ili asionekane.

Basi tuache jimbo. Kambi ni ya baba mkwe, ardhi ni yake, madungu tumeyapigilia misumari sisi wenyewe. Kanuni za ndani tunazo tayari na zinafuatwa bila askari: hakuna risasi kwenye chemba ndani ya nyumba, hakuna bia kabla bunduki hazijafungiwa kabatini, kila kichwa cha dume kinapelekwa kupimwa ule ugonjwa wa kulungu wa kukonda uliogunduliwa jimboni hapa 2002, na nyama hailiwi mpaka majibu yarudi. Tuongeze moja. Atakayerudi na habari ya nywele na damu kidogo asiambiwe akae ale. Sote tunavaa buti tena, tunasikiliza alivyoondoka mnyama, tunaamua kama ni kusubiri au kufuata, na alfajiri hakuna anayepanda dunguni mpaka mstari wa karatasi uishe. Usipoisha kwa mnyama, mwenye risasi anakijaza kibali chake pale mezani, mbele ya watoto, na bunduki inaingia kabatini hadi mwakani. Nimemtumia shemeji hii rasimu. Ameisoma, alama za kusomwa nimeziona. Hajajibu.