Lawalawa sio laana, acheni kukata vichanga

Kila Disemba ya mwaka unaogawanyika kwa mbili vyombo vya habari vyote vinahamia Tarime, mkoani Mara, kufuata msimu wa ukeketaji wa mabinti, mangariba, polisi, mabinti wamekimbilia nyumba salama, na sawa kabisa, kule hali ni mbaya. Ila mimi kwetu Singida, na kwetu hakuna msimu wala ngoma. Kwetu anakatwa mtoto ambaye hata shingo haijakaza, chumbani, kimya kimya, bibi yake ndo anasimamia na baba mtu wakati mwingine hajui lolote.

Mi mwenyewe nilikatwa hivyo na sikujua. Nimejua nikiwa na miaka 24, niko leba, nesi ananiangalia ananiuliza dada umekeketwa lini, nikabaki namtolea macho. Kovu halitanuki kama ngozi, ndo shida yake, uchungu unakuwa mrefu, unachanika vibaya, damu inamwagika. Nilichanika sana. Na sio mimi tu, 2006 Shirika la Afya Duniani walitoa utafiti wa wanawake zaidi ya 28,000 wa nchi 6 za Afrika, waliokeketwa walikuwa na hatari zaidi ya kupasuliwa, kuvuja damu nyingi, hata kupoteza mtoto.

Nyumbani nilipouliza nikaambiwa ulikuwa na lawalawa. Kama hujakulia kanda ya kati labda hulijui hili neno, ni mtoto anawashwa huko chini, anatoa uchafu, analia akikojoa, basi wazee wanasema mizimu imekasirika dawa ni kukata. Jamani hiyo ni UTI au fangasi! Sehemu kame, ndoo ya maji mama kaifuata mbali kichwani, mtoto ataoshwa mara ngapi? Zahanati dawa ipo. Shangazi yangu anabisha eti mbona waliokatwa walipona, mi namwambia shangazi, baada ya kukata si mlikuwa mnamuosha kila siku kwa ajili ya kidonda? Hapo ananyamaza.

Sheria tunayo tangu 1998, ukimkeketa aliye chini ya miaka 18 ni jela miaka 5 hadi 15. Takwimu zimeshuka pia, 18% mwaka 1996 mpaka 8% mwaka 2022, nafurahi, ila wanahesabiwa wanawake wa miaka 15 mpaka 49 wanaojua walifanyiwa nini na wako tayari kusema. Mimi kabla ya ile siku ya leba ningejibu hapana, tena kwa kujiamini kabisa.

Ndo maana sipendi tukitegemea polisi peke yao. Kichanga hawezi kukimbilia nyumba salama. Na nesi akianza kukagua watoto na kupiga simu kituoni, wamama hawatarudi hata kwa chanjo. Kwangu mimi haya maneno yasemwe mapema, kliniki ya wajawazito, na bibi aitwe asikie mwenyewe lawalawa ni nini na inatibiwaje, maana mwenye uamuzi ni yeye sio huyo binti wa miaka 19.

Mwezi wa tatu mjukuu wa shangazi alianza hizo dalili. Tukambeba mpaka zahanati, akapewa dawa ya maji, mama yake akaambiwa asimuache na nepi mbichi, wiki haikuisha kapona. Shangazi hajakubali kama nilikuwa sahihi, anasema tu mizimu ya siku hizi imelegea.