Majibu ya damu yarudi Magu

Naishi Glasgow. Mimi ni mtaalamu wa epidemiolojia ya mifugo, nafuatilia magonjwa yanayotoka kwa wanyama kuja kwa binadamu. Ndugu zangu wa Mwanza hunipongeza kwa maabara nzuri na mshahara usiochelewa. Vipo, sikatai. Ila tofauti iliyonigusa zaidi huku ni kwamba mwenye ng'ombe hupewa majibu.

Ng'ombe wa mfugaji wa Scotland akipimwa, mwenyewe anaambiwa kilichoonekana. Akikutwa na kifua kikuu ikabidi achinjwe, mfugaji hulipwa fidia, hivyo hana sababu ya kuficha. Tangu 2009 Scotland inatambuliwa rasmi kuwa haina kifua kikuu cha ng'ombe, na naamini uwazi huo ulichangia.

Sasa njoo Magu, wilaya ya mkoani Mwanza. Vijana wanamkaba ng'ombe pembe, mtafiti anautafuta mshipa wa shingo, damu inajaa kichupa, kichupa kinaingia kwenye boksi la barafu, gari linaondoka. Mzee mwenye zizi anauliza, "Daktari, majibu tunapata lini?" Swali hilo nimelisikia kaya hata kaya. Majibu hutoka, lakini kwa Kiingereza, kwenye jarida, baada ya miaka, na ndiyo yanayompandisha mtafiti cheo. Sijawahi kuulizwa na kamati yoyote ya vyeo kama yule mzee aliambiwa.

Na ya kumwambia yapo! Chukua bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza binadamu. Ng'ombe anatupa mimba, mama anaizoa kwa mikono mitupu. Maziwa yanagandishwa bila kuchemshwa. Baadaye baba anashikwa na homa ya kuja na kuondoka, viungo vinauma, usiku jasho linamlowesha. Anatibiwa malaria, anarudia, anarudia tena. Maziwa yangechemka kwanza, njia kubwa ya ugonjwa huo ingekuwa imezibwa.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wa maabara za Mwanza wanaijua kazi hii vizuri sana. Hawana haja ya kufundishwa na mtu wa Ulaya. Kinachokosekana kwenye bajeti za utafiti ni fungu la kurudi kijijini: mafuta ya gari, posho ya afisa mifugo, kikao cha Kisukuma na Kiswahili siku ya mnada. Tiketi ya ndege ya mtafiti kwenda mkutanoni haikosi mfadhili. Mimi siweki tena jina langu kwenye ombi la fedha lisilo na fungu hilo, na nawaomba Watanzania wenzangu mlio vyuo vya nje mfanye vivyo hivyo.