Kuchora kwa kutazama si kuiba

Mjini Kampala, vijana wanaojifunza kuchora huambiwa mara kwa mara kwamba msanii wa kweli hutoa picha kichwani, na kwamba anayeweka kielelezo mbele yake, iwe picha ya simu au kitu chenyewe, anaiga tu. Lawama hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini imewakatisha tamaa wengi ambao hawakupungukiwa na kipaji, bali walikosa kitu cha kutazama.

Hoja yenyewe ina mizizi ya kuheshimika. Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alichelea wanafunzi wake wasije wakawa wanakili wa sanaa ya Ulaya, kwa hiyo aliwasimulia visa na kumwachia kila mmoja aione picha yake moyoni kabla ya kushika brashi. Njia hiyo ilizaa matunda: Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, alichora maisha ya Wachaga kwa namna ambayo mwalimu mgeni asingeweza kumfundisha. Cecil Todd alipoishika shule hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, mkazo ulihamia kwenye ufundi na nadharia, na mvutano huo tunao mpaka leo.

Mfano wa Ntiro, hata hivyo, unanielekeza kwingine. Migomba aliyoichora alikuwa amekulia ndani yake. Kilichoonekana kuwa ubunifu mtupu kilikuwa miaka ya kutazama iliyowekwa akiba. Anayemtaka kijana aliyekulia katikati ya magorofa amchore ng'ombe wa Ankole kutoka kichwani anamdai asichompa.

Chukua korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda, ambaye kila mtoto wa shule anaamini anamjua. Kijana mmoja ninayemsaidia alimchora bila kutazama chochote: goti katikati ya mguu, limepinda kuelekea nyuma, na taji limesimama kama fagio. Sikumwambia kwamba mchoro ni mzuri, wala kwamba ni mbaya. Nilimuuliza goti liko wapi. Tukafungua picha kadhaa za ndege huyo, tukafuata kila kiungo kwa kidole, ikadhihirika kwamba alichokidhani goti ni kifundo cha mguu, na kwamba goti lenyewe limejificha juu, ndani ya manyoya ya tumbo. Mchoro wa pili ulisimama imara. Wa saba aliuchora bila picha, mguu mmoja umekunjwa, ndege amegeukia upande ambao haukuwamo katika picha yoyote tuliyoitazama. Hapo ndipo wanaolaumu vielelezo wanapokosea: wanadhani kutazama kunamfunga mchoraji, ilhali aliyekuwa amefungwa ni yule wa mchoro wa kwanza, ambaye angemchora korongo yuleyule mara mia, na kosa lake likazidi kukomaa kwa kila zoezi.

Ni kweli kwamba picha moja ikinakiliwa mstari kwa mstari haifundishi mengi, na kwamba simu ikisogezwa karibu mno na uso huikuza pua. Picha pia ina mwenyewe. Haya yanadai vielelezo vingi na, panapowezekana, kitu chenyewe.

Ukosoaji nao una namna yake. Mwalimu anayenyakua penseli na kulirekebisha jicho humwachia mwanafunzi jicho zuri lisilo lake, na rafiki anayesema "hongera, umetisha" humwacha palepale alipokuwa. Swali kuhusu kiungo kimoja, likiulizwa kwa upole, humrudisha kwenye kielelezo akiwa na jambo la kutafuta.

Kwa walimu wanaohofia kunakili, ningependekeza wachukue kitu kutoka kwa Trowell: mwanafunzi akitazame kielelezo kwa dakika kumi bila kushika penseli, kisha kifunikwe, achore alichokihifadhi, halafu kifunuliwe ili ajionee mwenyewe ni wapi macho yake yaliruka.