Kabila halimo kwenye fomu, limo kwenye daftari la msiba

Tangu sensa ya 1967 Tanzania haijamuuliza mtu kabila lake, na ibara ya 20 ya Katiba inakataza kusajili chama cha siasa cha kabila au cha watu wa eneo fulani. Kwa hiyo ukisikia Mwanza mtu anasema "mtaa huu Wajita ndio wengi", ujue amehesabu kwa macho, labda chini ya turubai la msiba.

Na ndipo pa kuangalia. Mgombea wa uenyekiti wa mtaa Kirumba au Igoma akisimama hadharani aseme "nichagueni Msukuma mwenzenu", amejimaliza mwenyewe. Akianza na "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, halafu akaendelea kwa Kiswahili, nani atamlaumu? Kazi yenyewe inafanyika kwenye vyama vya kuzikana: watu wa Ukerewe na chao, Wahaya na chao, Wakurya na chao. Kila chama kina daftari, namba za simu, na mweka hazina anayejua nani kahamia wapi. Mpambe akilipata daftari hilo, kampeni imekwisha nusu.

Nguvu ya daftari hilo huonekana kwenye kura za maoni ndani ya chama cha siasa. Tuseme tawi limehudhuriwa na wanachama 120 na wagombea ni watano: kura 35 zinaweza kumpitisha mtu. Hao 35 ni kikundi kimoja cha kuzikana kilichojipanga kikafika kwa wakati. Siku ya kura ya wananchi wote ikifika, kabila limeshamaliza kazi yake, na sisi ndio kwanza tunaanza kulijadili.

Hesabu hizo hukosewa pia. Kosa kubwa ni kuwahesabu Wasukuma kama mtu mmoja. Wapo wa dakama (kusini), wa kiya (mashariki), wa ng'weli (magharibi). Wa Kwimba na wa Magu. Wakisimama wawili, ule "wingi" unagawanyika na mgombea wa kabila dogo anapita katikati.

Kosa la pili ni kumsahau mvuvi. Orodha ya wapiga kura wa mtaa si ile ya kadi ya mpiga kura. Lazima ujiandikishe upya. Mwaka 2024 zoezi lilikuwa Oktoba 11 hadi 20, na mwezi ulikuwa mpevu tarehe 17. Mbalamwezi ndiyo mapumziko ya wavuvi wa dagaa, wapo nchi kavu. Kura ikapigwa Novemba 27, giza limerudi, taa ziko ziwani. Aliyejiandikisha mjini akawa kambini kisiwani, jina lake lilibaki ukutani tu. Aliyepanga ushindi kwa kutegemea kabila lenye wavuvi wengi alitakiwa kutazama mwezi kabla ya kutazama daftari.

Simwiti mjinga anayempigia kura wa kwao. Mwenyekiti ndiye wa barua ya utambulisho, ndiye shahidi wa mauziano ya kiwanja kisichopimwa. Mtu anataka mlango atakaobisha saa nne usiku, ndugu yake akiwa polisi anasubiri mdhamini, ufunguliwe bila kuulizwa "wewe ni wa wapi?" Saa za ofisi zikibandikwa mlangoni na ada ya kila huduma ikaandikwa pembeni yake, sababu hiyo inapungua makali. Karatasi mbili na gundi.